Biblia katika mikono ya wamama wa Rozari



Sisi tuliolelewa Kikatoliki tulipokea dini kwa masikio. Nyanya alisali Rozari jioni, nasi tuliitika kabla hatujajua maana ya maneno. Katekisimo ilikuwa maswali na majibu: mwalimu anauliza, darasa lote linajibu kwa sauti moja, na asiyeshika majibu anangoja mwaka mwingine kabla ya Komunyo ya kwanza. Siku ya Mungu tulikaa kwenye benchi, msomaji akasoma, padri akaeleza, tukarudi nyumbani kupika. Biblia, kama kitabu cha kufungua mwenyewe na kutafuta mstari, ilikuwa kitabu cha watu wengine: cha padri, cha masista, ao cha jirani Mprotestanti aliyeibeba kwapani ndani ya kifuko chenye zipu.

Huku Kivu Waprotestanti wanajulikana kwa namba za jumuiya zao. Huyu ni wa ya 3 CBCA, yule wa ya 5 CELPA, mwingine wa ya 8 CEPAC. Sisi hatuna namba. Tukisema Yezu badala ya Yesu, tayari wamejua tulibatizwa wapi. Na mara nyingi baada ya hapo linafuata neno lingine, kwamba Wakatoliki hawasomi Biblia. Tumelisikia sokoni, tumelisikia kwenye matanga, na tumelisikia kwa watoto wetu wenyewe walioanza kusali katika makanisa ya uamsho. Kati yetu kuna waliokasirika na kuna waliocheka. Hakuna aliyekuwa na jibu refu.

Jibu lina historia yake. Wamisionari wa Afrika, tunaowaita Mapadri Weupe, walianzishwa mwaka 1868 na Lavigerie, aliyekuwa askofu mkuu wa Alger. Yeye alitaka mtu asibatizwe haraka: ilipaswa kujifunza miaka minne kwanza. Nyanya zetu walipita njia hiyo. Walishika sala, amri, sakramenti na habari za Yezu, yote kichwani, kwa sababu vitabu vilikuwa vichache na Misa ilikuwa kwa Kilatini. Mambo yaligeuka na Mtaguso wa pili wa Vatikano. Tarehe 18 Novemba 1965 Papa Paulo wa 6 alitangaza hati iitwayo Dei Verbum, ambayo inadai kwamba Maandiko yawe wazi kwa waamini wote, na inawasihi wote wayasome mara nyingi. Mwaka 1969 yakaja masomo mapya ya Misa: miaka mitatu ya siku za Mungu, mwaka A wa Matayo, mwaka B wa Marko, mwaka C wa Luka, na Yoane akiingizwa hasa katika Kwarezima na Paska. Kwa hiyo mama anayekwenda Misa kila siku ya Mungu bila kukosa, baada ya miaka mitatu amesikia sehemu kubwa ya Evanjili. Amesikia, ndiyo. Lakini mwambie akuonyeshe ni fasi gani.

Hapo ndipo tulipofikia mwaka uliopita, na hatukufikishwa na mahubiri ya mtu.

Mmoja wetu, nyanya anayeuza sambaza, ana mjukuu wa miaka tisa, msichana, yatima wa baba na mama. Mtoto alikuwa akikaa kwa mjomba wake. Mke wa mjomba alizaa, na mtoto mchanga akafa kwa homa ndani ya siku tatu. Watu wa nyumba ile walikwenda kuombewa katika chumba kimoja cha sala, na huko waliambiwa kwamba mlozi yuko ndani ya nyumba, na ni yule yatima. Waliombwa dola za kumfungua. Dola hazikupatikana zote. Basi mtoto alilazwa nje usiku mbili, akanyimwa chakula ili "aseme", mpaka nyanya alipokuja kumchukua. Lakini mambo hayakuishia pale, kwa sababu kiwanja anachokaa nyanya ni cha ukoo, na ukoo ulisema mlozi hawezi kukaa humo. Wakaja na Biblia. Wakamsomea mstari wa kitabu cha Kutoka, sura ya 22, ule unaoamuru kwamba mwanamke mlozi asiachwe hai.

Siku ya nne nyanya alikuja kwenye Rozari pamoja na mtoto. Tulipomaliza fumbo la tano hakusimama. Alisema: "Wanasema Mungu mwenyewe ndiye aliandika hii. Basi ninyi wenzangu munionyeshe ile fasi, na munionyeshe kama hakuna kingine alichoandika."

Tulikuwa wamama kumi na mmoja na Biblia moja, ya Kifaransa, ile ya Jérusalem, zawadi ya ndoa ya mwenzetu mmoja ambaye ni mwalimu mustaafu. Ilikuwa ndani ya kabati, katikati ya vikwembe, na kurasa zake zilishikana kama kitabu kipya. Ililetwa. Tuliwasha taa ya telefone kwa kuwa umeme ulikuwa umekatika. Kutafuta Kutoka hakukuchukua muda, ni kitabu cha pili. Lakini mstari wa 18 waliotutajia haukuwa na neno la ulozi. Kwa dakika chache tulifurahi, tukadhani wametudanganya. Kumbe namba hazilingani: katika Biblia hiyo ni mstari wa 17, katika nyingine ni wa 18, kwa kuwa wengine wanafuata hesabu ya Kiebrania na wengine hapana. Mstari upo. Mwalimu aliusoma kwa Kifaransa, akaugeuza kwa Kiswahili, na nyanya akainamisha kichwa.

"Endelea," alisema mama muuza makala. "Usifunge. Endelea chini."

Mwalimu akaendelea. Mistari mitatu tu chini ya ule, katika sura ile ile, Mungu anakataza kumtesa mgeni. Kisha anakataza kumtesa mjane na yatima, yeyote yule. Na hapo hasemi kama mtu anayetoa shauri: anasema yatima akimlilia, atasikia kilio chake, na hasira yake itawaka juu ya wale waliomtesa, hata wake zao wabaki wajane na watoto wao wabaki yatima. Tulimwomba arudie. Alirudia mara tatu. Nyanya aliuliza kama ni ukurasa ule ule. Aliwekewa kidole juu ya mstari wa kwanza, kisha juu ya mstari wa pili. Ni ukurasa ule ule, hata upana wa kiganja haufiki.

Wamama, tangu usiku ule hatukuiacha tena Biblia ndani ya kabati.

Tunajua kuna watakaosema kwamba tulichagua mstari unaotupendeza. Hilo tulilizungumza sana. Mstari wa ulozi haukufutika kwa sababu tuliona wa yatima. Tulimwuliza padri, naye alitukumbusha kwamba hati ile ya Mtaguso inasema wazi kuwa katika vitabu vya Agano la Kale mna mambo yasiyotimilika, mambo ya muda, kwa sababu Mungu aliwalea watu wake hatua kwa hatua, kama mama anavyomlisha mtoto uji kabla ya ugali. Alitutuma tusome Matayo sura ya 5, fasi Yezu anapotaja sheria ya jicho kwa jicho halafu anawaomba wanafunzi wake kitu kingine kabisa. Alitutuma pia kwa Yoane sura ya 8, kwa yule mwanamke ambaye watu waliokuja na mstari wa kweli wa Torati walitaka kumpiga mawe. Wengi wetu tuliridhika. Mama mmoja hakuridhika, na mpaka leo hajaridhika. Anauliza kwa nini mstari ule uliandikwa basi, na wangapi wamekufa juu yake. Tumemwachia swali lake. Analileta kila mara, na mara nyingine linatusaidia kuliko majibu yetu.

Lakini nyanya alihitaji kitu cha kufanya kabla ya mwisho wa juma, si fundisho tu. Na hicho tulikipata katika fasi ambayo majirani zetu hawana.

Mnajua kwamba Biblia yetu ina vitabu 73 na ya Waprotestanti ina 66. Hesabu hii tuliijua tangu katekisimo, bila kujua vitabu saba vinavyozidi vina nini. Ni Tobiti, Yuditi, Wamakabayo viwili, Hekima, Sira na Baruku. Pamoja navyo kuna vipande vya Esteri na vya Danieli. Danieli kwa Waprotestanti anaishia sura ya 12. Kwetu ana 14. Sura ya 13 ni habari ya Susana, mke wa Yoakimu, mwanamke aliyekuwa akioga katika bustani ya mume wake. Wazee wawili, waamuzi wa watu, walijificha humo, wakamtaka kwa nguvu, wakamwambia akikataa watamshitaki kwamba alilala na kijana. Alikataa, akapiga kelele. Kesho yake walimshitaki, na kwa kuwa walikuwa wakubwa, watu waliwaamini. Alikuwa anapelekwa kuuawa wakati kijana Danieli aliposimama kati ya watu na kuuliza kama wamekuwa wajinga, kumhukumu mwanamke bila kuchunguza. Akaomba kitu kimoja: wazee watenganishwe. Akamwuliza wa kwanza, uliwaona chini ya mti gani? Akataja mti. Akamwuliza wa pili, akataja mti mwingine. Kesi iliishia hapo.

Somo hili linasomwa Misani kila mwaka, siku ya kwanza ya juma la tano la Kwarezima. Wale wanaokwenda Misa ya asubuhi walilisikia mara nyingi. Mama muuza makala alisema alikuwa akilisikia kila mwaka na kufikiri ni habari ya usafi wa mwili, kwa kuwa ndivyo lilivyoelezwa. Sasa alisikia habari ya mashahidi.

Basi siku ya posho tulikwenda. Tulikuwa wamama watano, mkubwa wa shirika letu, na mkubwa wa aveni, kwa sababu mambo haya si ya kanisa peke yake: Katiba ya inchi yetu katika kifungu cha 41 inakataza kumshitaki mtoto kwamba ni mlozi, na Sheria namba 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto inaweka azabu kwa mwenye kufanya hivyo. Mkubwa wa aveni alikuwa na nakala katika telefone yake. Hatukuingia kwa vita. Tulileta sabuni na mchele, kama watu wanaokuja kupana pole, kwa kuwa kweli kulikuwa na maiti ya mtoto katika nyumba ile na hatujasahau. Kisha tuliomba kuzungumza na kila mmoja peke yake: na mjomba mbele ya nyumba, na mke wake jikoni. Swali lilikuwa moja: mtoto alifanya nini, na usiku gani?

Mjomba alisema aliona paka juu ya dirisha usiku wa kwanza wa homa, na paka alikuwa na macho ya yule mtoto. Mke alisema hakuna paka. Alisema mtoto alimpa mchanga kipande cha mkate siku moja mbele ya homa. Mchanga huyo alikuwa na miezi miwili. Mama yake aliposema neno "mkate" alinyamaza mwenyewe, akatazama mafiga, akaanza kulia. Yule aliyemuuliza jikoni aliacha maswali, akakaa naye chini mpaka giza likaribie. Tukarudi kwa haraka, kwa kuwa siku hizi hakuna anayependa usiku umkute njiani.

Hatutaki kuandika kwamba kila kitu kilipona. Mtoto anakaa na nyanya yake katika kiwanja kile kile, na mkubwa wa aveni ameandika karatasi. Amerudi masomoni, darasa la tatu. Mjomba hatusalimii. Mke wake ametusalimia mara mbili, na mara ya pili alikuwa na chupa ya mafuta aliyosema ni ya mtoto. Wale wa chumba cha sala wangali wanasoma mstari wao. Tofauti ni kwamba katika aveni yetu mtu akitaja Kutoka 22, kuna mwanamke atakayemwambia asome mpaka chini.

Tulivyoendelea kusoma sura ile, ilitugeukia sisi wenyewe. Baada ya yatima kuna mstari juu ya pesa: ukimkopesha maskini wa watu wangu, usimdai faida, ukichukua nguo yake kwa rehani, mrudishie kabla jua halijatua, kwa sababu ndiyo anayojifunika. Wote tulianza kucheka na kutajana, kwa kuwa kila mtu hapa Bukavu anajua Bank Lambert na mikopo yake inayomeza nyumba. Halafu mama mmoja akauliza: "Na AVEC yetu?" Kimya. Katika AVEC tunakopeshana kwa faida, kisha mwisho wa mwaka faida tunagawana sisi wenyewe. Mwalimu anasema si kitu kimoja, kwa kuwa faida inarudi kwa yule yule aliyeitoa. Mama muuza makala anasema inarudi zaidi kwa mwenye hisa nyingi, na mwenye hisa nyingi si maskini. Mazungumzo hayo yalichukua siku za nne tatu na hayajaisha. Kwa sasa tumekubaliana kwamba mwenye kukopa kwa ajili ya ugonjwa ao maziko hatozwi faida. Jambo hili halikutoka kwa afisa wa mradi wala kwa mtu wa semina.

Mkitaka kujua namna tunavyosoma, ni rahisi. Tunafuata zile hatua saba zilizotungwa huko Afrika ya Kusini, katika chuo cha Lumko, ambazo mashirika mengi yanazijua. Tunamkaribisha Bwana. Mmoja anasoma pole pole. Kila mama anataja neno lililomgusa, neno tupu bila maelezo, mara tatu. Tunanyamaza. Tunaambiana. Tunatafuta kitu cha kufanya. Tunasali. Hatua ya kunyamaza ndiyo ngumu kuliko zote. Wamama kumi na mmoja kunyamaza dakika tano si mchezo, na kuna anayesinzia kwa kuwa alikuwa sokoni tangu saa kumi na mbili. Tunamwacha asinzie.

Watatu kati yetu hawajui kusoma. Hapo mwanzo waliogopa watakuwa nyuma. Imekuwa kinyume. Wao walizoea kushika kwa masikio, na wanashika kweli. Siku moja msomaji wetu aliruka mstari kwa sababu ya taa mbaya, na mama mmoja, ambaye hajawahi kuandika jina lake, alimsimamisha: "Umeruka. Kuna fasi anamwita kwa jina kwanza." Tukatazama. Alikuwa amesema kweli. Ile dini ya masikio ambayo watu wanaicheka ilikuwa imemwekea Evanjili nzima ndani ya kifua, na alichokosa ni mtu wa kumwambia kwamba anayo.

Tumegundua pia kwamba midomo yetu ilikuwa imejaa Maandiko siku zote. Nusu ya kwanza ya Salamu Maria ni maneno ya malaika na ya Elizabeti, yote katika Luka sura ya 1. Ule wimbo wa Mtakatifu unaoimbwa Misani ni wa malaika aliowaona nabii Isaya katika sura ya 6. Maneno tunayosema mbele ya Komunyo, kwamba hatustahili, ni ya askari wa Kiroma aliyemwombea mtumishi wake, Matayo 8. Mafumbo ya furaha ya Rozari yote matano yamo katika Luka. Kwa upande mwingine tulitafuta Veronika wa Njia ya Msalaba katika Evanjili zote nne, hatukumwona. Wala zile mara tatu Yezu alizoanguka. Vimefika kwetu kwa mapokeo, na hatukuviacha, lakini sasa tunajua kipi kinatoka wapi, na jirani akituuliza hatubabaiki.

Zaburi nazo zilituchanganya. Ile ya mchungaji, nyanya zetu waliiita ya 22, na jirani anaiita ya 23. Ni ile ile. Vitabu vya zamani vya Kilatini vilihesabu kwa namna nyingine. Andikeni namba zote mbili pembeni kwa biki, itawapunguzia mabishano.

Kilichotufurahisha kuliko vyote, ukiacha ile siku ya Kutoka, ni Maria Magdalena. Wamama wengi wana jina hilo la ubatizo, na wote walikua wakiambiwa kwamba alikuwa malaya aliyeosha miguu ya Yezu kwa machozi. Someni Luka mwisho wa sura ya 7: mwanamke yule hana jina. Magdalena anatajwa katika sura inayofuata, kama mtu aliyeponywa, tena pamoja na Yoana mke wa Kuza, na Susana mwingine, na wanawake wengi waliomhudumia Yezu na wanafunzi wake kwa mali yao wenyewe. Mali yao! Muuza sambaza alipiga makofi. Katika Yoane 20 yeye ndiye wa kwanza kumwona Bwana mfufuka na kutumwa kuwaambia wanaume. Mwaka 2016 Papa Fransisko aliipandisha kumbukumbu yake ya tarehe 22 Julai iwe sikukuu, sawa na ya mitume. Mwenzetu mwenye jina hilo, ana miaka 58, aliomba tusome mistari ile mitatu ya Luka mara ya pili. Akasema angependa mama yake angeisikia.

Kuhusu waume zetu, kuna aliyesema tunataka kuwa mapadri. Kuna mwingine ambaye sasa anangoja siku ya nne ili aulize tumesoma nini. Anajifanya anauliza juu ya chakula. Na watoto waliohamia makanisa mengine wanakuja kukaa mlangoni. Mmoja alimletea mama yake Biblia ya Habari Njema. Hakujua kwamba kuna chapa yenye vitabu vyote 73 na chapa isiyo navyo. Alinunua ile fupi. Mama aliipokea kwa furaha, na Tobiti tunamsomea kutoka kwa yetu.

Sasa tuna Biblia nne. Msichana wa nyanya ndiye anayetutafutia kurasa, kwa kuwa vidole vyake ni vyepesi na macho yake hayahitaji miwani. Anajua vitabu kwa mpango wake, kutoka Mwanzo mpaka Ufunuo, kuliko sisi wote.

Siku ya nne ijayo, saa tisa kamili, tunaanza Ruti. Ni sura nne tu, mjane na mama mkwe wake mjane, na mambo ya shamba la ukoo na nani atalikomboa. Mwenye kujua kusoma alete kaye na biki. Asiyejua kusoma alete masikio. Na mwenye Biblia ya maandishi makubwa, tafadhali asiiache nyumbani.